Seva Moja, Vyumba Vingi: Jinsi Kontena za Linux Zinavyoweza Kulinda Rekodi za Wananchi Meru na Embu

Mkulima wa kahawa anayepeleka cheri kiwandani hapokei pesa siku hiyo. Mzigo hupimwa, kilo huandikwa, naye hurudi nyumbani na risiti. Malipo huja miezi kadhaa baadaye, kahawa ikishasindikwa, ikauzwa na makato yakaondolewa. Katika muda huo wote, kinachoonyesha kwamba mkulima anadai ni rekodi ya uzani. Zamani rekodi hiyo ilikuwa kwenye daftari. Siku hizi mara nyingi imo ndani ya kompyuta.

Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi anayelipa karo shuleni, mwanachama anayeweka akiba katika SACCO, na mgonjwa ambaye faili yake imo katika zahanati. Kompyuta ikiharibika na hakuna nakala nyingine, anayeumia kwanza ni mwananchi wa kawaida.

Makala haya yanaeleza mbinu moja inayosaidia taasisi ndogo kupanga kompyuta zao vizuri bila gharama kubwa: kugawa seva moja kuwa vyumba vidogo vinavyoitwa kontena. Yamekusudiwa wasimamizi wa vyama vya ushirika, shule, zahanati na vikundi, vijana wanaofanya kazi za TEHAMA, na mwananchi yeyote anayetaka kujua maswali ya kuuliza kuhusu rekodi zake.

KOMPYUTA MOJA, KAZI NYINGI

Katika ofisi nyingi ndogo kuna kompyuta moja inayoitwa "ile kubwa". Chukua mfano wa chama cha ushirika cha kahawa. Kompyuta hiyo ina programu ya uzani, programu ya hesabu na malipo, na nyaraka za ofisi kama kumbukumbu za mikutano na barua. Programu zote zinatumia mfumo mmoja, diski moja na nenosiri moja.

Mpangilio huo una hatari tatu. Ya kwanza ni kugongana. Fundi akija kusasisha programu moja, anaweza kubadilisha kitu ambacho programu nyingine inakitegemea. Malipo yanakwama wiki ile ile ambayo wakulima wanasubiri pesa. Ya pili ni wizi na virusi. Mtu akiingia kupitia sehemu iliyo dhaifu, anafika kila mahali. Ya tatu ni ulafi wa programu. Programu moja ikimaliza nafasi ya diski au kumbukumbu ya mashine, nyingine zote zinasimama.

Njia ya kwanza ambayo wengi huifikiria ni kununua kompyuta tatu, kila moja na kazi yake. Hiyo inatatua sehemu ya tatizo lakini gharama inapanda. Mashine inayotumia wati 100 bila kuzimwa hula uniti 2.4 za umeme kwa siku, sawa na uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Mashine tatu za aina hiyo hula uniti 216. Juu ya hapo kuna betri za UPS tatu, diski tatu za kuchakaa na nafasi ya kuziweka. Nguvu nyingi ya mashine hizo hukaa bure, kwa kuwa programu ya uzani huwa na kazi kubwa msimu wa mavuno tu.

KONTENA NI NINI?

Anayeishi Makutano mjini Meru, Maua, Runyenjes au mjini Embu anaijua ploti ya kukodisha. Ni jengo moja lenye vyumba vingi. Kila mpangaji ana mlango wake na kufuli yake. Hawezi kuona kilicho ndani ya chumba cha jirani. Lakini wote wako juu ya msingi mmoja, chini ya paa moja, na wanachota maji kwenye tangi moja.

Kontena ya Linux ni chumba katika ploti hiyo. Programu iliyo ndani yake inaona faili zake, watumiaji wake na anwani yake ya mtandao, kana kwamba iko peke yake kwenye kompyuta. Kumbe iko pamoja na nyingine nyingi. Zinachoshiriki ni kiini cha mfumo wa Linux, ambacho mafundi hukiita kaneli. Kiini ndicho kinachozungumza na diski, kumbukumbu na waya za mtandao kwa niaba ya programu zote.

Kuna njia nyingine inayoitwa mashine pepe. Hiyo ni sawa na kujenga nyumba kadhaa ndani ya kiwanja kimoja, kila moja na msingi wake na tangi lake. Kila mashine pepe hubeba mfumo wake kamili, pamoja na kiini chake. Utengano wake ni imara zaidi, na inaweza kubeba hata Windows ndani ya seva ya Linux. Lakini inahitaji kumbukumbu nyingi na huchukua muda zaidi kuwaka.

Kontena ni nyepesi kwa sababu haibebi kiini cha pili. Kontena ya Debian ambayo haijapewa kazi hutumia kumbukumbu isiyofika megabaiti 100 na huwaka kwa sekunde chache. Ndiyo maana mashine ya kawaida, hata ile iliyotumika ng'ambo ikaletwa nchini, inaweza kubeba kontena kadhaa bila kulemewa.

Kiini cha Linux hutenganisha kontena kwa mbinu mbili. Ya kwanza huamua kila kontena inaona nini: faili zipi, watumiaji gani, mtandao upi. Ya pili huamua kila kontena inatumia kiasi gani cha prosesa na kumbukumbu. Mpangaji aliyepewa mitungi miwili ya maji hawezi kuchota kumi.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulipata uwezo wa kuifungia programu ndani ya sehemu moja ya faili. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD uliboresha wazo hilo. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kazi ya kudhibiti kiasi ambacho kila programu inatumia, na Januari 2008 kazi hiyo ikaingia rasmi katika kiini cha Linux. Mwaka huo huo ulitoka mradi wa LXC, ambao ndio msingi wa kontena zinazoelezwa hapa.

MFANO KUTOKA SEKTA YA AFYA

Kuendesha huduma ya wananchi juu ya seva ya Linux si jambo geni Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na kazi ya Eldoret, mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za matibabu ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Kuanzia mwaka 2012 mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, ulianza kupelekwa katika vituo vya afya vya umma nchini, hasa kwa huduma za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Mpangilio wake ni rahisi kueleweka. Seva hukaa ndani ya kituo, ikiendesha Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Kompyuta za wahudumu huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Intaneti ikikatika, kazi haikatiki, kwa sababu rekodi ziko hapo hapo kituoni.

Mfano huo una mafunzo mawili. Kwanza, programu huria zinaweza kubeba kazi nzito ya umma. Pili, seva ikiwa ndani ya jengo, usalama wake unategemea watu wa jengo hilo. Tangu mwaka 2013, huduma za afya za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo utunzaji wa rekodi unagusa kila wadi.

PROGRAMU YA KUGAWA SEVA

Ili kupangisha vyumba, jengo linahitaji mtunzaji. Kwenye seva, kazi hiyo hufanywa na programu ya kugawa seva. Mojawapo inayotumika sana ni Proxmox Virtual Environment, iliyotengenezwa Vienna, Austria, na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Imejengwa juu ya Debian, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015 inatumia kontena za LXC. Inaweza pia kuendesha mashine pepe kando ya kontena, katika mashine ile ile.

Programu hii ni huria. Taasisi inaweza kuipakua na kuitumia bila kulipia leseni. Kampuni iliyoitengeneza huuza usajili wa kila mwaka kwa wanaotaka msaada wa kitaalamu na masasisho yaliyojaribiwa zaidi, lakini usajili si lazima.

Suala la leseni limekuwa na uzito siku hizi. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, ambayo programu zake za kugawa seva zilikuwa zimeenea duniani kote. Desemba mwaka huo ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kubaki na usajili. Taasisi nyingi, kubwa kwa ndogo, zilianza kutafuta njia mbadala. Kwa chama au shule inayotumia pesa za wanachama au walipa ushuru, kujua kwamba njia ya bure ipo ni jambo la maana kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Kwa chama cha ushirika cha mfano wetu, mashine yenye prosesa ya biti 64 yenye sehemu nne, kumbukumbu ya RAM ya GB 16 na diski mbili za TB 1 kila moja inatosha. Diski mbili hupangwa kama kioo: kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili. Nafasi inayopatikana hubaki TB 1, lakini diski moja ikifa, kazi inaendelea.

Kumbukumbu hiyo inaweza kugawanywa hivi:

• Mfumo wenyewe wa seva: GB 2.
• Utunzaji wa diski za kioo kwa mfumo wa ZFS: takriban GB 1 ya ziada kwa kila TB 1.
• Kontena 101, rekodi za uzani: GB 4.
• Kontena 102, hesabu na malipo: GB 4.
• Kontena 103, nyaraka za ofisi: GB 2.
• Akiba: GB 3.

Akiba hiyo isiguswe bila sababu. Itahitajika msimu wa mavuno, au huduma mpya ikiongezwa.

Vingine vinavyohitajika ni UPS, swichi ya mtandao, na diski ya nje au mashine ya pili ya kuwekea nakala. Bonde la Mto Tana upande wa Embu lina mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme, yakiwemo Gitaru na Kiambere, lakini umeme bado hupotea maofisini, hasa mvua inaponyesha kwa nguvu. UPS huipa seva muda wa kuzimwa kwa utaratibu badala ya kukatika ghafla ikiwa inaandika.

HATUA ZA KUSIMIKA

Kazi hii ifanywe na mtu mwenye ujuzi wa msingi wa Linux. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza: kuhamisha kila kilichomo. Kusimika Proxmox hufuta kabisa diski inayochaguliwa. Kabla ya kuanza, data zote za mashine hiyo zinakiliwe mahali pengine, na nakala hiyo ifunguliwe kuthibitisha kwamba inasomeka.

Hatua ya pili: kupakua na kusimika. Faili ya kusimika hupakuliwa kutoka tovuti rasmi, ikakaguliwa kwa tarakimu za uthibitisho zilizochapishwa hapo, kisha ikaandikwa kwenye USB. Mashine huwashwa kupitia USB hiyo. Wakati wa kuchagua diski, fundi huchagua mpangilio wa kioo, unaoitwa ZFS RAID1. Seva hupewa anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10.

Hatua ya tatu: kuingia na kusasisha. Kwenye kompyuta nyingine ya ofisi, fundi hufungua kivinjari na kuandika https://192.168.1.10:8006. Kivinjari kitatoa onyo kwa kuwa cheti cha usalama kimetengenezwa na seva yenyewe. Hilo ni la kawaida katika mtandao wa ndani. Asiye na usajili hubadilisha chanzo cha masasisho kuwa kile kisichohitaji usajili, kisha husasisha mfumo wote kabla ya kufanya jambo jingine.

Hatua ya nne: kupakua kiolezo. Kontena hujengwa kutokana na kiolezo, yaani mfumo mdogo uliokwisha kuandaliwa, kama vile Debian au Ubuntu. Kiolezo cha Debian ni faili ya megabaiti mia moja na ushee tu, ambayo hata intaneti ya simu inaweza kuibeba. Hupatikana kupitia ukurasa wa seva, au kwa amri mbili: "pveam update" ya kuleta orodha mpya na "pveam available" ya kuiona. Amri ya "pveam download" huleta kile kilichochaguliwa.

Hatua ya tano: kuunda kontena. Kwenye ukurasa wa seva kuna kitufe cha kuunda kontena. Fundi hujaza namba (huanzia 100), jina, nenosiri, kiolezo, ukubwa wa diski, idadi ya sehemu za prosesa, kiasi cha kumbukumbu na anwani ya mtandao. Anwani iwe isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.101 kwa kontena 101, ili namba zilingane na iwe rahisi kukumbuka. Mtandao huunganishwa kupitia daraja lenye jina vmbr0, ambalo ni kama swichi iliyo ndani ya seva.

Katika ukurasa huo kuna alama inayofanya kontena iendeshwe bila mamlaka ya juu. Alama hiyo iachwe jinsi ilivyo. Maana yake ni kwamba hata msimamizi mkuu ndani ya kontena anahesabiwa na seva kama mtumiaji wa kawaida, mwenye namba 100000, asiye na uwezo wowote nje ya chumba chake. Mvamizi akivunja mlango wa chumba, hajapata ufunguo wa ploti.

Hatua ya sita: kuwasha na kuingia. Amri ya "pct start 101" huwasha kontena, na "pct enter 101" humwingiza fundi ndani yake. Hapo husasisha mfumo na kusimika programu moja tu iliyokusudiwa. Kisha huandika "pct set 101 --onboot 1", ili kontena ijiwashe yenyewe kila seva inapowaka. Seva nayo iwekwe katika mipangilio yake ya kuwaka ijiwashe umeme unaporudi. Bila hivyo, umeme ukipotea Ijumaa usiku, ofisi inaweza kukaa bila huduma hadi Jumatatu.

Hatua zile zile hurudiwa kwa kontena 102 na 103.

NAKALA ZA AKIBA

Taasisi nyingi hukosea hapa. Diski za kioo si nakala ya akiba. Mtu akifuta rekodi kimakosa kwenye diski ya kwanza, inafutika papo hapo kwenye ya pili. Wala picha ya hali ya kontena iliyohifadhiwa ndani ya seva ile ile si nakala ya akiba, kwa sababu seva ikiibwa au ikiungua, picha nayo imekwenda.

Nakala ya akiba ni ile inayokaa kwenye kifaa kingine, na angalau moja katika jengo jingine. Proxmox hupanga kazi hiyo kwa ratiba. Kwa mfano, kila usiku saa saba kontena zote tatu zinaweza kunakiliwa kwenye mashine ya pili. Kila nakala hubeba kontena nzima: mfumo, programu na data zake. Mara moja kwa wiki nakala ipelekwe nje ya ofisi ikiwa imefungwa kwa usimbaji, ili anayeiokota au kuiiba asiweze kuisoma.

Kisha nakala ijaribiwe. Angalau mara moja kwa miezi mitatu, fundi airejeshe kama kontena mpya yenye namba nyingine, kwa mfano 901, bila kuiunganisha na mtandao, na karani wa chama afungue rekodi za wanachama watano na kuzilinganisha na risiti. Zikilingana, nakala ni nzima. Zisipolingana, chama kimejua mapema. Akiba haiozi, lakini nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni akiba au ni faili tupu.

KONTENA HAZIFANYI NINI

Kontena hazitatui kila kitu, na taasisi iyajue mambo yafuatayo kabla ya kuanza.

Programu za Windows haziwezi kuendeshwa ndani ya kontena ya Linux. Zinahitaji mashine pepe, pamoja na leseni yake. Programu nyingine huja zikiwa zimefungwa kwa Docker, aina nyingine ya kontena iliyotokea mwaka 2013. Watengenezaji wa Proxmox wanashauri hizo ziwekwe ndani ya mashine pepe, si ndani ya kontena ya LXC.

Kontena zote hutegemea kiini kimoja. Kiini kikiwa na kasoro ya usalama, vyumba vyote viko hatarini. Kwa hiyo seva isasishwe mara kwa mara. Huduma yenye siri nzito, au ile inayofikiwa na umma moja kwa moja kupitia intaneti, ni bora iwe katika mashine pepe yake.

Ukurasa wa kusimamia seva, ule wa mlango 8006, usifunguliwe kwa intaneti. Fundi anayefanya kazi akiwa mbali apitie njia fiche ya VPN, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Mwisho, seva moja ni seva moja. Ikiungua, kontena zote zimezimika. Faida ni kwamba nakala zinaweza kurejeshwa kwenye mashine nyingine kwa muda mfupi, badala ya kusimika kila programu upya.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azitunze kwa usalama, azitumie kwa lengo lililokusudiwa tu, na ampe mhusika nafasi ya kuziona na kuzirekebisha zikiwa na makosa. Taarifa za mtu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya madhara, anayezishika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua.

Kuna msamaha wa kujisajili kwa taasisi ndogo zenye mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10. Hata hivyo, msamaha huo hauhusu wanaoendesha shule, huduma za afya au huduma za kifedha. Zahanati na SACCO, hata ikiwa ndogo kiasi gani, zinapaswa kujisajili.

Kugawa seva kwa kontena kunasaidia kuitii sheria hii. Karani wa uzani hana haja ya kuona faili za mikopo, na mwalimu wa kompyuta hana haja ya kuona rekodi za karo. Kila mtu akipewa chumba cha kazi yake tu, ni rahisi pia kujua nani aliingia wapi.

UJUZI UPO KARIBU

Taasisi za eneo hili zinazofunza teknolojia ya habari ni pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, Chuo Kikuu cha Embu na Meru National Polytechnic. Wanafunzi wanaomaliza hapo wanaweza kupata kazi katika vyama na shule za nyumbani. Kijana anayetaka kujifunza anaweza kuanza na kompyuta kuukuu: kontena hazihitaji prosesa yenye uwezo wa mashine pepe, na kosa linalofanywa kwenye kontena ya majaribio hufutwa na kuanzwa upya kwa dakika chache.

Taasisi inayomwajiri fundi isimwachie funguo zote peke yake. Nenosiri la msimamizi liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuhifadhiwa na viongozi wawili. Orodha ya kontena, anwani zake na mahali pa nakala iwe kwenye karatasi moja ndani ya faili ya ofisi. Fundi akihama au akiugua, kazi iendelee.

MASWALI YA KUULIZA

Mwananchi hahitaji kujua amri za Linux ili kulinda rekodi yake. Katika mkutano mkuu wa chama, kikao cha wazazi au baraza la hadhara, anaweza kuuliza maswali haya:

1. Rekodi zetu ziko kwenye mashine gani, na programu gani nyingine ziko humo?
2. Nakala ya akiba iko wapi, na iko nje ya jengo hili?
3. Nakala hiyo ilijaribiwa mara ya mwisho lini, na nani alishuhudia?
4. Nani ana nenosiri la msimamizi, na nini kitatokea akiondoka?
5. Tumelipa kiasi gani kwa leseni, na njia huria ilizingatiwa?
6. Je, taasisi yetu imejisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data?

Risiti ya uzani, ya karo au ya akiba itunzwe nyumbani na kila mwenye nayo. Rekodi ya kompyuta ikitiliwa shaka, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza.